Sura ya Nne: Kitabu cha Wageni

Ukiingia ofisi ya mtendaji wa kijiji, iwe hapa Changarawe au kule juu Nyandira kwenye kabichi na baridi, kabla hujaeleza kilichokuleta unasogezewa kitabu. Ni kaunta buku la kawaida lililochorwa kwa rula: tarehe, jina kamili, unakotoka, madhumuni, sahihi. Mkuu wa wilaya akija anaandika. Muuza mbegu akija anaandika. Hakuna anayenuna, kwa sababu kitabu hakimtuhumu mtu. Maswali ni yaleyale kwa kila anayeingia, awe amevaa suti au ndala.

Mzumbe ni mahali pa kuyaelewa maswali hayo. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua hapa shule ya kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa, na baadaye wakaja kusomea hapa maofisa wa maendeleo vijijini na mahakimu wa mahakama za chini. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ile IDM ambayo wazee wa huku bado wanaitaja hivyo hivyo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Kwa miaka yote hiyo watu wameshuka Sangasanga kutoka kila mkoa, wakapanda hadi hapa chini ya milima ya Uluguru, wakajifunza pamoja na mengine namna ya kushika rejista.

Nayaeleza haya katika kitabu kinachohusu kompyuta ya nyumbani kwa sababu sijapata njia bora ya kulijibu swali ninaloulizwa kuliko yote: "Kuna programu humu siijui. Ni virusi?"

Neno lenyewe lina habari yake. Kiswahili kililipokea neno la Kilatini, kikasikia ndani yake ile vi- ya viti na vitabu, kikaliundia umoja: kirusi. Wataalamu wanatofautisha kirusi, mnyoo na programu ya ujasusi, na jina lao la jumla ni programu hasidi. Nyumbani tunaziita zote virusi, nami nitafanya hivyo.

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuoni na anakaa kwangu. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye anayepelekewa shida, hata zile asizozijua. Jioni moja, wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti yake ya utafiti, alinijia sebuleni na laptop imefunguliwa mikononi.

"Mjomba, samahani. Njoo uone. Kuna kitu kimeniingilia."

Laptop ilikuwa nzito tangu asubuhi, feni inavuma kama inapanda mlima. Alikuwa amefungua Task Manager, ile orodha ya programu zote zinazofanya kazi kwa wakati huo, akaishuka mstari kwa mstari hadi akasimama kwenye jina moja: RtkNGUI64.exe. "Hili jina tu, mjomba. Hebu lisome. Mtu mwema anajiita hivyo?" Alikuwa ameshaipata folda yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Hofu yake naiheshimu. Ripoti ile ilikuwa miezi minane ya kuhojiana na wakulima wa Mgeta, na mtu anayeilinda kazi ya miezi minane ana haki ya kuogopa. Lakini jina baya si ushahidi. Wahandisi huyapa majina mafaili yao kama fundi gereji anavyoandika chaki kwenye mlango wa gari: alama fupi, za kumkumbusha yeye mwenyewe. Hawakuwaza kwamba siku moja mtu wa Changarawe atazisoma saa tatu usiku akiwa na wasiwasi.

Tukafanya kama mtendaji. Nilimwomba abofye jina lile kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kufungua mahali faili lilipo. Likatokea ndani ya Program Files, kwenye folda ya Realtek, kuelekea Audio. Hapo tumepata anakotoka. Tukafungua sifa za faili, ukurasa wa saini za kidijitali: Realtek Semiconductor, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vipande vya sauti vilivyomo katika kompyuta nyingi sana duniani. Hapo tumepata sahihi. Na madhumuni: ni kidirisha cha kurekebisha sauti. Angekifuta, angekuwa ameharibu kidirisha cha spika zake, na feni ingeendelea kuvuma.

Saini ya kidijitali inahitaji maneno mawili, maana watu huiamini kupita kiasi au hawaijui kabisa. Si picha ya mwandiko. Ni hesabu inayofungwa kwenye faili kwa ufunguo wa siri wa mtengenezaji. Ukibadilisha herufi moja tu ndani ya faili, hesabu haikubali tena na Windows inasema saini ni batili. Kwa hiyo inathibitisha mambo mawili: nani alitia saini, na kwamba faili halijaguswa tangu hapo. Haithibitishi kwamba aliyetia saini ana nia njema, wala kwamba ufunguo wake haukuibwa. Na uliwahi kuibwa, tena wa kampuni hiyohiyo. Mwaka 2010 kilipogunduliwa Stuxnet, kirusi kilichoundwa kuharibu mashine za kurutubisha urani za Iran, sehemu zake zilikuwa na saini halali ya Realtek, na nyingine zikaja na ya JMicron, kampuni nyingine ya Taiwan. Vyeti vile vilifutwa. Mpwa wangu aliposikia hayo akanitazama kama niliyemrudisha alikotoka. Lakini hakuna karani anayemruhusu mgeni kwa sahihi peke yake. Anaisoma pamoja na safu nyingine, na hapa safu zote zilikubaliana: folda, kampuni, kazi, na hata tarehe, maana faili lilikuwa la siku ileile laptop ilipowekewa Windows.

Huo mkono uliokuwa juu ya kitufe cha kufuta una historia ndefu. Mwaka 2002 ulienea ujumbe wa barua pepe duniani kote ukimwambia mtu atafute kwenye kompyuta yake faili liitwalo jdbgmgr.exe. Ukilikuta, ulisema ujumbe, ni kirusi. Hulala siku 14 kabla ya kuharibu, na antivairasi hazikioni. Watu walitafuta na kwa kweli wakalikuta, tena likiwa na alama ya kidubu cha kijivu, jambo lililowatisha zaidi. Wakafuta, wakawatumia ujumbe ndugu na wafanyakazi wenzao. Faili lile lilikuwa la Microsoft, lililokuja na Windows yenyewe, chombo cha waandishi wa programu za Java. Hapakuwa na kirusi chochote. Uongo ulikamilishwa na mikono ya watu waliokuwa wanajilinda. Kila ninapopokea kwenye simu ujumbe uliosambazwa mara nyingi, "wajulishe na wenzako haraka", nakikumbuka kidubu kile.

Na mashine nazo hukosea hivyo hivyo. Tarehe 21 Aprili 2010, antivairasi ya McAfee ilipokea masasisho yaliyoitambua svchost.exe kuwa kirusi. Hiyo ni nguzo ya Windows. Kwenye kompyuta za Windows XP mlinzi akaing'oa, na maofisi na mahospitali katika nchi mbalimbali yakabaki na mashine zinazojizima na kujiwasha bila kikomo. Ukifungua Task Manager leo utaona svchost.exe imeandikwa mara nyingi, pengine mistari kumi, ishirini na zaidi. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Swali ni kama iko ndani ya Windows\System32, na kama ni svchost kweli, si scvhost aliyebadilishiwa herufi mbili akitegemea macho yako yamechoka.

Basi feni ilikuwa inavumishwa na nini? Nilimwambia mpwa wangu aipange orodha kwa matumizi ya kichakataji. Akapanda juu wscript.exe.

Yeye aliipita. Jina fupi, safi, na ilipokaguliwa ilikuwa na kila kitu: iko System32, saini ni ya Microsoft, imekuwepo kwenye Windows tangu miaka ya tisini. Hati zake zote ni halali. Hapa ndipo wengi wanaponasa, hata mafundi. Wscript ni mtekelezaji: unampa karatasi yenye maagizo, anayafuata. Hachagui. Kwa hiyo kumkagua yeye hakutoshi, unatakiwa uione karatasi. Katika Task Manager, kwenye ukurasa wa undani, ukibofya kulia kichwa cha safu unaweza kuongeza safu ya "Command line", na hiyo huonyesha programu imeitwa na amri gani. Tukaiongeza. Mbele ya wscript palikuwa na njia ndefu inayoishia kwenye folda ya AppData, ndani ya Temp, na faili la herufi na tarakimu zilizokorogwa likimalizika kwa .vbs.

Karatasi ya namna hiyohiyo, kwa mtekelezaji huyohuyo, ndiyo iliyoitikisa dunia tarehe 4 Mei 2000. Ilikuja kama barua ya mapenzi. Jina lake lilimalizika kwa .TXT.vbs, na kwa kuwa Windows huficha herufi za mwisho za faili, watu waliona .TXT, maandishi matupu, wakafungua. Aliyeiandika alikuwa kijana wa Manila, na hakufungwa, kwa sababu Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kumshtaki. Kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Miaka yote hii Windows bado inaficha zile herufi za mwisho isipokuwa umeiambia izionyeshe. Mwambie leo: fungua folda yoyote, nenda kwenye sehemu ya mwonekano, weka alama kwenye viendelezi vya majina ya faili. Ukikuta "Ripoti.docx.vbs", utaiona ilivyo.

Nilimuuliza mpwa wangu, "Flashi yako jana ilikwenda wapi?"

"Steshenari, mjomba. Nilitoa nakala ya sura ya tatu."

"Ulipoirudisha uliona nini?"

Akafikiri. Folda zake zilikuwa zilezile, akasema, ila kila moja ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona.

Kimshale kile ni kitu cha kukaa nacho kidogo, maana kwa mwanafunzi wa Tanzania ndiyo sura ya kirusi kuliko nyingine zote. Tunaviita virusi vya shotikati. Kirusi kinaingia kwenye flashi, kinazipa folda zako za kweli alama ya kufichwa na alama ya kuwa za mfumo ili zisionekane, kisha mahali pa kila moja kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile na picha ileile ya folda ya njano. Ukibofya, njia ile inafanya mambo mawili: kwanza inaiita karatasi ya .vbs, halafu inakufungulia folda yako halisi. Hilo la pili ndilo linalouma. Unaona kazi yako imefunguka, hujapoteza kitu, unaendelea. Kwa ukarimu ule kirusi kinanunua kimya chako.

Mojawapo ya familia zilizoenea kwa mtindo huu ni Jenxcus, na katikati ya mwaka 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Marekani kuinyang'anya majina ya mtandao iliyokuwa ikiyatumia kupokea amri. Maana hivi si vitu vya kuchezea folda tu. Karatasi ile hupiga simu kwa mwenyewe aliye mbali, na mwenyewe anaweza kuiagiza ichukue nywila, ilete programu nyingine, isome kinachoandikwa. Ndiyo maana usiku ule, kabla hatujagusa chochote, nilimwambia azime intaneti. Nywila ya barua pepe, ya akaunti yake ya bodi ya mikopo na ya mfumo wa chuo tulizibadilisha kwa simu yangu. Bila hivyo bumu, ile fedha ya mkopo, lingemkuta mwingine.

Kusafisha kuna mpangilio wake, na ukiukosea utalala saa nane ukirudia. Wengi huanza na flashi. Karatasi ikiwa bado inatekelezwa, inaangalia flashi kila baada ya sekunde chache na kuiandika upya, kwa hiyo utaisafisha na itachafuka ukiitazama. Tulianza kwa kumsimamisha wscript. Tukafuta faili la .vbs kwenye Temp, na ndugu yake aliyekuwa amejificha kwenye folda ya Startup, ambako Windows huita kila kilichomo inapowaka. Kisha tukaiachia Microsoft Defender ikague nje ya Windows, ile njia inayoizima kompyuta na kukagua kabla mfumo haujaamka, maana kirusi kisichoamka hakiwezi kujificha. Ilichukua kama muda wa kuivisha ugali na mboga. Mwisho ndipo tukaja kwenye flashi, na amri ambayo kila fundi wa Morogoro anaijua kwa kichwa: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Inaondoa alama za kufichwa. Folda za kweli zikarudi mstari mmoja baada ya mwingine, wakulima wa Mgeta wote na mahojiano yao. Mpwa wangu alizihesabu kwa kidole kwenye kioo. Vishale tukavifuta.

Asubuhi nilimsindikiza steshenari. Hatukwenda kugombana. Mwenye duka ni mama ninayemheshimu, anahudumia foleni ya wanafunzi tangu saa moja, na kila flashi ya chuo hupita kwenye kompyuta yake moja. Nilimsalimia, nikamweleza taratibu, nikaomba dakika kumi.

Kwenye Startup yake palikuwa na karatasi ileile. Defender ilikuwa imezimwa.

"Ilizimwa na fundi alipopiga Windows," akasema. "Aliniambia nisiiwashe, nikiiwasha Windows itagoma."

Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu fundi yule hakuwa na nia mbaya. Leseni ni ghali kwa duka la kutoa nakala, na yeye alifanya anachofanya karibu kila fundi: aliweka Windows isiyolipiwa na kiamshaji cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Viamshaji vingi vinajifanya kuwa KMS, huduma halali ambayo Microsoft huyapa mashirika makubwa kwa ajili ya kuamsha mashine nyingi. Defender ikikiona kiamshaji inakiita HackTool:Win32/AutoKMS, na fundi humwambia mteja kwamba hilo ni onyo la bure. Wakati mwingine kilichomo kweli ni kiamshaji tu. Lakini Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kuhusu visakinishi vya KMSPico, jina maarufu kuliko yote katika hivyo, vilivyobeba ndani yake CryptBot, mwizi wa nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Kiamshaji kilifanya kazi yake vizuri. Mteja aliridhika. Mlinzi alikuwa ameshaambiwa akalale.

Ukinitaka nitaje kitu kimoja ninachokiogopa kuliko majina yasiyosomeka, ni sentensi ile: zima antivairasi kwanza. Mgeni anayetaka karani atoke nje ndipo aandike jina lake, huyo sihitaji kusoma alichoandika.

Heshima ya kampuni nayo haitoshi. Mwaka 2005 mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, alikuwa akijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe chombo alichokitengeneza cha kutafuta vilivyofichwa, akakuta programu asiyoijua imejificha ndani kabisa. Alifuata nyayo hadi kwenye diski ya muziki aliyoinunua kihalali, ya Sony BMG. Kampuni iliweka programu ya kuzuia kunakili, ikaificha, na ikaficha vilevile kila faili linaloanza na herufi $sys$, kwa hiyo mwandishi yeyote wa virusi angeweza kuweka herufi hizo mbele ya jina lake na kupata maficho ya bure. Alilitangaza hilo tarehe 31 Oktoba. Mwezi uliofuata diski zilirudishwa kutoka madukani. Russinovich ndiye pia mmoja wa waanzilishi wa Sysinternals, wenye vyombo viwili ninavyoviweka kwenye kila kompyuta ya nyumbani ninayoombwa kuitazama: Process Explorer na Autoruns. Vyote ni bure, na siku hizi vinatolewa na Microsoft yenyewe. Autoruns inaorodhesha kila kinachojiwasha kompyuta inapowaka, pamoja na saini yake, na inaweza kuiuliza VirusTotal.

VirusTotal ilianza Málaga, Hispania, mwaka 2004, na tangu 2012 ni ya Google. Unalipeleka faili, linakaguliwa na antivairasi zaidi ya 60 kwa mpigo. Zikisema mbaya 40, umepata jibu. Ikisema moja tu yenye jina usilolijua, subiri na uulize tena baada ya siku mbili, kwa sababu ya mambo kama ya McAfee. Na usipeleke pale ripoti yako wala mkataba wa kiwanja: kinachopandishwa huweza kuonwa na watafiti wengine.

Tulimsafishia mama mashine kwa kadiri ilivyowezekana asubuhi ile. Nilimwambia ukweli kwamba kompyuta iliyokaa bila mlinzi kwa mwaka mzima sijui yote yaliyoingia, na njia ya uhakika ni kuifuta na kuweka mfumo upya. Ubuntu ni bure na ni halali, na LibreOffice unayoweza kuiweka humo inafungua faili nyingi za wanafunzi, ingawa kurasa zenye majedwali wakati mwingine husogea. Karatasi hizi za .vbs haziamki humo, maana wscript hayupo. Alisema atalifikiria baada ya mitihani, foleni ikipungua. Nikaona ni jibu la mtu mwenye biashara.

Alichokubali palepale ni kaunta buku. Alitoa jipya rafuni, mpwa wangu akachora safu kwa rula: tarehe, jina la programu, folda iliyomo, kazi yake, saini ya nani. Wakaanza kuandika kila kilichokuwa kwenye orodha ya Autoruns baada ya usafi, mama akisoma kwa sauti kwenye kioo, mpwa wangu akiandika. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasubiri kutoa nakala akauliza RtkNGUI64 ni kitu gani.

"Cha sauti," akajibu mpwa wangu bila kuinua kichwa. "Kiko Program Files, kimesainiwa na Realtek. Flashi yako ina vishale?"

Kijana akaitoa mfukoni, akaiangalia, akaiweka mezani.